Yule "ndege" wa gadenia ni nondo, na viwavi hao ni watoto wake

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kahawa West. Mlangoni nina gadenia mbili kwenye ndoo, na kando ya ukuta nimepanda lantana na pentasi. Karibu kila siku, mwendo wa saa nne asubuhi, huja mdudu wa kijani mnene kama kidole gumba. Mabawa yake huyaoni. Anasimama hewani mbele ya ua, ananyonya, kisha anaruka kwenda lingine. Kijana wangu wa miaka tisa anashikilia kwamba ni ndege mdogo wa kwenye katuni. Jirani anasema ni nyuki. Wiki hii nimekuta viwavi wanene wa kijani wenye pembe mkiani, wamemaliza majani machanga ya gadenia moja. Yule aliyeniuzia miche anasema nipige dawa haraka. Huyo mdudu ni nani, kwao ni wapi hasa, na hawa viwavi wana sumu?"

Jibu:

Mama, salamu nyingi kwako na kwa kijana. Naanza na mwisho wa swali lako kwa sababu naogopa dawa imeshanunuliwa: tafadhali usiipige. Viwavi hao hawana sumu, hawaumi, na ile pembe haichomi. Ni laini. Kijana aiguse taratibu kwa kidole, ataona inavyoinama. Halafu kuna jambo ambalo huyo muuza miche hakukwambia, pengine kwa sababu hajui: mgeni wako wa saa nne na viwavi hao ni mdudu mmoja. Anayekunywa kwenye lantana ndiye anayetaga kwenye gadenia. Ukiwamaliza hawa, usimngoje tena yule.

Ni nondo, na wanasayansi humwita Cephonodes hylas. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha utaratibu tunaoutumia hadi leo wa kuvipa viumbe majina mawili, alimwandika kitabuni mwaka 1771. Wale wa Afrika mara nyingi huongezewa jina la tatu, virescens, yaani mwenye kugeuka kijani. Nyumbani kwangu tunamwita nondo-kioo, na nitatumia jina hilo hapa ili tusichoshane na Kilatini.

Ukitaka kuhakikisha, subiri anywe kwenye pentasi za chini, usimame jua likiwa nyuma yako. Mgongo wa kifua una manyoya ya kijani cha zeituni, upande wa chini ni mweupe. Tumboni ana mkanda wa rangi iliyoiva, kati ya nyekundu na kahawia, na mkiani ana shada la manyoya meusi analolitanua kama feni anapogeuka. Mabawa ni angavu kabisa, unaona mishipa tu na ukingo mwembamba wa giza, ndiyo maana ulidhani hana. Ukikuta mdogo zaidi, wa kahawia, mwenye mabawa ya nyuma ya rangi ya chungwa, huyo ni binamu yake, Macroglossum trochilus, ambaye pia hutembea mchana hapa Nairobi.

Sasa kijana. Usimwambie amekosea, mwambie ameona vizuri. Ndege wa kwenye katuni, ambao Kiingereza huwaita hummingbird, wapo kweli, ila wanaishi katika mabara ya Amerika tu. Hatuna hata mmoja porini Afrika. Tulio nao ni chozi, ndege wadogo wa mdomo uliopinda, na chozi akipata tawi la kushika hupenda kutua ndipo anywe. Kazi ya kusimama hewani na kunyonya mbochi bila kutua, huku kwetu wanaoiweza barabara ni nondo hawa. Ndege wa Amerika na mdudu wa Afrika, wasio na undugu wowote wa karibu, wamefikia ufundi ule ule kila mmoja kwa njia yake. Nimefanya kazi na wadudu kwa miaka mingi na bado jambo hilo hunisimamisha.

Jirani naye hakuwa mbali. Mwili mnene, mkanda tumboni, mabawa ya kioo, mngurumo hewani: ukimtazama haraka unamwona yule nyuki mkubwa anayetoboa mbao za paa. Hilo ndilo linalomlinda, maana ndege aliyewahi kudungwa na nyuki hujifikiria mara mbili kabla ya kumdaka. Yeye mwenyewe hana mwiba hata kidogo.

Huenda unajiuliza nondo anafanya nini juani. Tumezoea kumwona nondo usiku akigonga taa ya veranda, tukaamini usiku ni wa nondo na mchana ni wa kipepeo. Ukweli ni kwamba vipepeo ni tawi moja tu ndani ya ukoo mkubwa wa nondo. Nondo waliokwisha kupewa majina ni kama spishi 160,000, vipepeo ni kama 18,000. Katika wingi huo wapo nondo wengi waliohamia mchana, na si huyu peke yake: kuna wale wembamba weusi wenye madoa angavu wa jenasi ya Amata, wanaofanana na nyigu, utawakuta wametulia kwenye nyasi asubuhi. Njia nyepesi ya kumtambua nondo ni papasi, zile nywele mbili za kichwani. Za kipepeo huishia na kirungu kidogo. Za nondo-kioo ni nene, halafu huchongoka na kujipinda kidogo nchani.

Na kwa nini saa nne? Misuli ya kuruka ya nondo wa familia hii ya Sphingidae haifanyi kazi ikiwa baridi. Lazima kifua kipate joto, zaidi ya nyuzi 30, ndipo aweze kusimama hewani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hutetemesha mabawa akiwa bado ameshika kijiti, anachemsha mwili wake mwenyewe, na yale manyoya ya kifuani hulishika joto lisipotee. Nairobi iko juu, karibu meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zetu ni za baridi. Jua likichelewa, naye anachelewa. Mwezi wa saba, siku zile za mawingu mfululizo, unaweza kumkosa siku nzima.

Niliwahi kumlea mmoja mezani pangu. Nilimtoa kama kiwavi aliyekomaa kwenye mti uliokuwa unakatwa, nikamweka kwenye chupa pana yenye udongo na majani makavu. Alijizika usiku ule ule. Wiki kadhaa baadaye, asubuhi moja, nikamkuta ametoka na kupanda kijiti nilichomwekea. Mabawa yalikuwa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Polepole yakanyooka, na hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu: hayakuwa ya kioo. Yalikuwa ya kijivu hafifu, yamefunikwa magamba madogo madogo kama ya nondo mwingine yeyote. Nilikuwa nimetandika karatasi nyeupe chini. Alipoanza kutetemeka kutafuta joto, vumbi likaanza kumwagika. Aliporuka mara ya kwanza, akagonga dirisha na kurudi, magamba karibu yote yalikuwa yamebaki juu ya karatasi, na mabawa yakapitisha mwanga. Ile karatasi ninayo bado. Uangavu wa mabawa yake anaupata kwa kupoteza, siku ya kwanza ya kuruka, katika dakika chache.

Tuje kwenye swali ulilouliza kwa neno "hasa": kwao ni wapi.

Ukifuata ramani, kwao ni kupana mno. Anapatikana sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na ndugu zake wa spishi hiyo hiyo wanafika India, Asia ya kusini mashariki na Japani. Lakini ramani haikusaidii kumwelewa. Makao yake hayatajwi kwa nchi, yanatajwa kwa mmea. Kiwavi wake anakula majani ya familia moja tu, ile ya mbuni, yaani mti wa kahawa, ambayo wataalamu wa mimea huita Rubiaceae. Gadenia imo humo. Mviru imo humo, ule mti mdogo ambao Wakamba huuita kikomoa, wenye matunda ya kahawia yenye utamu wa uchachu ambayo watoto wa shamba huyajua vizuri. Paveta za vichakani zimo humo. Hata pentasi zako ni za familia hiyo. Mmea wa aina hiyo ukikosekana, nondo-kioo hawezi kuzaa, hata kama maua yamejaa mtaa mzima.

Na mmea peke yake hautoshi. Jike hupenda majani machanga, na majani machanga hutoka kwa wingi pale mwanga unapofika. Yeye mwenyewe anahitaji jua la kumpasha joto na maua ya kumpa sukari, kwa kuwa kusimama hewani kunakula nguvu nyingi ajabu. Ndani kabisa ya msitu mnene, kwenye kivuli, maua ni haba. Katika nyika wazi ya nyasi tupu, vichaka vya familia ya mbuni ni haba. Kwa hiyo mahali pake pa asili ni katikati ya hizo mbili: ukingoni mwa msitu, kwenye vichaka vya bonde la mto, pale mti mkubwa ulipoanguka na mwanga ukaingia. Nikimtafuta Nairobi siingii ndani ya msitu. Natembea kandokando. Karura, yenye hekta zipatazo 1,041, ina kingo za namna hiyo kando ya mito na njia zake. Msitu wa Ngong Road unazo, na Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907, na kile kipande cha msitu kilichobaki City Park. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi ningeanza na upande wa magharibi wenye msitu, si ule uwanda wa nyasi ambako watalii hutafuta simba.

Hitaji la mwisho ndilo watu wengi hulisahau: udongo. Kiwavi aliyeshiba huacha mti, hushuka, hutafuta majani makavu na udongo laini, na humo ndimo anamogeuka pupa. Chini ya mviru porini udongo huo upo siku zote, kwa kuwa hakuna anayefagia.

Sasa tazama alivyofika mlangoni kwako. Mbuni haukuwa zao la hapa. Wamisionari wa Kifaransa waliupanda Bura, Taita, mwaka 1893, na baadaye ukaenea katika miinuko ya kati hadi Kiambu na viunga vya Nairobi. Jina la mtaa wenu linautaja mmea huo huo. Kwa nondo-kioo hilo lilikuwa neema: ekari kwa ekari za majani anayoyatambua, juani, udongo chini yake. Wakulima wanamjua, lakini katika buni huyu ni mdudu wa daraja la chini. Muulize mkulima wa kahawa kinachomkosesha usingizi, atakutajia kutu ya majani, ugonjwa wa matunda na kunguni wa antestia kabla hajamkumbuka kiwavi mwenye pembe. Kisha mashamba mengi ya kahawa yakageuka nyumba na barabara, vichaka vya mabondeni vikakatwa, na kilichosalia kwa huyu nondo katika mitaa mingi ni misitu michache na gadenia za watu. Gadenia zako mbili, Mama, si pambo tu. Kwa mdudu huyu ni sehemu ya makao yake.

Utaniambia gadenia ya duka ni ya kigeni. Ni kweli, hii yenye maua meupe ya kunukia asili yake ni China na Japani. Ila kule Japani nondo huyu huyu huitumia kulea watoto, tangu zamani. Kwa hiyo anapotaga juu ya gadenia yako hajakosea mlango.

Lantana nayo nina neno. Inamnywesha vizuri, lakini ilitoka Amerika, na nje ya kuta zetu imevamia malisho na misitu hadi ni balaa. Siwezi kukuambia uing'oe leo wakati ndiyo inamleta. Ningekushauri uongeze pentasi kila mara nafasi ikipatikana, maana hizo ni za kwetu na zinatoa maua karibu mwaka mzima ukizinyweshea. Na ukiwa na meta mbili za ardhi popote, hata kijijini, panda mviru. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu kule Muguga, hushughulika na mbegu za miti ya kienyeji, waulize.

Kuhusu gadenia iliyoliwa: itachipua. Kiwavi anakula ncha na majani machanga, haui mti wenye mizizi mizuri. Kula kwingi hufanyika siku zake za mwisho, kwa hiyo ukiona wamenenepa ujue wanakaribia kuondoka. Utawatambua pia kwa kinyesi: punje ngumu zenye mifereji, kubwa kama pilipili manga, zimelala sakafuni chini ya tawi. Rangi yao haifanani daima. Wengi ni wa kijani wenye mstari mweupe ubavuni, lakini hutokea weusi pia, nao ni wale wale. Baadhi yao hawatafika mwisho. Kuna nzi na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi, na ukikuta mmoja ana vidonge vyeupe mgongoni mwache alivyo, nyigu nao wanahitaji kuishi na ndio wanaozuia viwavi wasizidi. Shore watawachukua wengine. Kwa hiyo, kati ya viwavi wanane huenda wawili au watatu ndio wakafika udongoni.

Kama kuna gadenia moja unayoitaka kwa maua, ifunike na kipande cha neti kuukuu ya mbu, na uwahamishie viwavi wote kwenye ile nyingine. Wachukue pamoja na kijitawi walichoshika, usiwavute, kwa maana miguu yao ya nyuma hung'ang'ania na unaweza kuwachana. Usiwahamishie kwenye sukuma wiki ukidhani watakula: watakufa njaa wakiwa wamezungukwa na majani.

Dawa nimekukataza kwa sababu nyingine pia. Ukinyunyizia gadenia, upepo hupeleka sehemu yake kwenye lantana na pentasi zilizo hatua mbili kutoka hapo, na nyuki wanaokuja kunywa hubeba sumu hiyo. Zile zinazouzwa kama dawa za asili hazina huruma zaidi kwa huyu: pareto huua mdudu yeyote inayemgusa, na ile ya bakteria wa Bt imetengenezwa mahususi kuua viwavi, bila kuchagua yupi ni wa nani.

Kazi moja ndogo ndiyo nakuomba uifanye wiki hii. Gadenia zako ziko kwenye ndoo, na nina hakika mlangoni pametandikwa kabro, kama mitaa yetu mingi. Kiwavi akikomaa rangi yake hufifia na kuwa kama ya udongo, anaacha kula, anashuka na kuanza kutembea kwa haraka. Akikuta kabro atatembea hadi akanyagwe au akaukie juani. Chukua beseni la zamani lililotoboka, lijaze udongo laini hadi nusu, tandaza majani makavu juu, ulisukume lishikane na ndoo. Udongo wa ndani ya ndoo nao usiuchimbe mwezi huu. Ukimwona anatangatanga, mnyanyue tu umweke juu ya majani, atajua la kufanya. Wiki mbili tatu baadaye, au zaidi kukiwa na baridi, atatoka, na kama mna bahati ya kuwa nyumbani asubuhi hiyo, wekeni karatasi nyeupe.

Kijana akitaka kuendelea, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na Nature Kenya, chama cha historia asilia kilichoanza mwaka 1909, huandaa matembezi ambayo watoto hukaribishwa. Lakini kabla ya hapo ana kazi ya nyumbani. Akae karibu na gadenia asubuhi yenye jua, atulie, amsubiri nondo anayesimama mbele ya jani badala ya ua. Huyo ni jike. Atakunja tumbo, ataligusa jani kwa nukta moja, kisha ataondoka. Hapo hapo aligeuze jani hilo polepole bila kulivunja. Atakuta yai moja tu la kijani, mviringo, dogo kuliko kichwa cha kiberiti.